Matokeo Yametoka, Usikimbilie Kulipa Ada

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha nne, najua hali ya nyumbani matokeo yakishatoka. Simu haipumziki. Mjomba anapiga kutoka Geita, shangazi kutoka Magu, jirani naye anaita uani, na kila mmoja ana chuo anachokisifia. Mimi nilimaliza mwaka 2011 katika shule ya kata hapa Ilemela, Mwanza, nikapata daraja la nne. Nikachagua kozi kwa jina lake, bila kuwahi kuiona kazi yenyewe ikifanywa. Aliyelipia kosa hilo ni mama.

Mama alikuwa anauza dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Mjomba akamwambia, "Mpeleke afya, afya haikosi ajira." Hakuna aliyeniuliza kama naweza kukesha na mgonjwa, wala mimi sikujiuliza. Tukaenda chuo kimoja mjini, ghorofani, meza zinang'aa, dada mchangamfu akatuandikia risiti palepale. Mama alihesabu noti moja moja, nyingine bado zinanuka dagaa. Ule ndio uliokuwa mtaji wake. Miezi minane baadaye, mtihani umekaribia, tukaambiwa majina yetu hayapo kwenye baraza linalosimamia vyuo kwa sababu kozi ile haikuwa na usajili. Ada haijarudi hadi leo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, ingia kwenye tovuti ya NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya ufundi na kozi zake. Tafuta jina la chuo, kisha tafuta na kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa na usajili lakini kozi unayoitaka isiwemo. Mwongozo wa udahili unapatikana hapo bure, na unaonyesha sifa zinazotakiwa kwa kila kozi. Kozi nyingi za astashahada zinataka D nne, na masomo ya dini hayahesabiwi. Ukitaka utabibu, ziwemo za Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ni kazi ya bando dogo tu. Kama tungeifanya, mama angebaki na mtaji wake.

Baada ya hapo nilijifungia ndani kwa aibu. Siku moja mama akanituma Igombe kufuatilia mzigo, nikamkuta fundi kando ya mwalo, pale boti za wavuvi zinapofikia, ameinamia injini ya boti. Nikamsalimia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, hebu shika hapa." Nikashika. Injini hizi hujipooza kwa maji ya ziwa, na ikiwaka utaona mkondo mwembamba wa maji unaruka nyuma yake. Akaniambia niweke kidole. Maji yalikuwa ya moto na hayana nguvu. Tukafungua pampu, tukakuta impela imelika kwa mchanga, mapezi mawili yamekatika. Ni kipuri cha mpira kinachoenea kiganjani, lakini ukikiacha hivyo injini nzima inaungua, na boti inabaki katikati ya ziwa na watu wake. Jioni ile sikutaka kuondoka.

Nilikaa na fundi yule zaidi ya mwaka, nikimbebea boksi la spana. Mikono ikazoea, ila nilikuwa sijui sababu. Nilijua kubadilisha plagi, lakini sikujua kwa nini imeingia masizi. Ndipo nikaenda kusoma ufundi wa mitambo VETA, chuo cha serikali cha ufundi stadi. Darasani nikawa na faida kubwa, kwa sababu mwalimu akieleza jambo mimi nilikuwa nimeshaligusa, hivyo maelezo yalipata pa kukaa. Na cheti kilinifungulia milango ambayo spana peke yake isingeifungua. Mvuvi wa kawaida hakuulizi cheti, lakini kampuni inayofuga samaki kwenye vizimba, au taasisi yenye boti zake, itakuuliza siku ya kwanza.

Kama tayari una ujuzi uliojifunzia gereji au mwaloni, VETA wana utaratibu wa kuupima na kuutambua rasmi. Nenda ofisini kwao Nyakato uulize. Naumia sana ninapoona vijana wazuri wa kazi wanalipwa nusu ya bei kwa kukosa karatasi hiyo.

Sisemi wote mje kwenye injini. Mwanza hii ina mengi. Nyegezi pana chuo cha uvuvi cha FETA, wanafundisha uvuvi, uchakataji na ukuzaji viumbe maji, na hilo la vizimba linakua mbele ya macho yetu. DIT wana kampasi hapa inayofundisha teknolojia ya ngozi, na Kanda ya Ziwa haina shida ya ng'ombe. Bugando kwenye chuo cha afya na Malimbe kwenye chuo kikuu cha SAUT mnapajua.

Kidato cha tano nacho ni njia nzuri, ikiwa unajua shahada unayoitaka na tahasusi yako, yaani mchanganyiko wa masomo utakaosoma, inakufikisha huko. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI, wizara inayowapangia wanafunzi shule za kidato cha tano, hufungua dirisha la kubadili machaguo, na wengi huliacha lipite. Ila usiende kwa kuwa rafiki zako wanaenda. Na yule anayesema chuo ni cha waliofeli, msamehe tu. Astashahada inakupeleka stashahada, na stashahada yenye wastani wa alama (GPA) wa 3.0 inakufikisha chuo kikuu ukiwa na D zako nne za kidato cha nne, na unafika ukiwa tayari unajua kazi. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inawakopesha hata wanafunzi wa stashahada kwa fani za kipaumbele, kwa hiyo angalia kama yako imo.

Wadogo zangu wa kike, haya ni yenu pia. Nimefanya kazi na binti anayesikia injini ikiunguruma tu, akakwambia silinda ipi haifanyi kazi, kabla mimi sijafungua kifuniko.

Ninachowaomba ni wiki mbili tu kabla ya kulipa ada. Zitumie kukaa inapofanyika kazi unayoifikiria. Ukitaka ualimu, mwombe mwalimu mkuu ukae nyuma ya darasa la kwanza asubuhi nzima. Ukitaka ushonaji, kaa kwa fundi msimu wa sare za shule.

Na ukitaka kuona kazi yangu, usije siku za giza, maana dagaa huvuliwa kwa taa gizani na kila mtu yuko mbioni kuingia ziwani. Njoo siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa dagaa wamepumzika, boti ziko juu mchangani na injini zote zimeshushwa chini. Siku hizo mafundi wana kazi nyingi, na wana muda wa kukueleza wanachokifanya. Vaa nguo usiyoionea huruma.