Kama hawakumgusa, wana kosa gani?

Swali: Shikamoo wakili. Niko Tukuyu, tumebishana sana hapa kijiweni. Serikali ikimkamata mtu kwa tuhuma za ugaidi, ikamkabidhi kwa nchi nyingine akaenda kuteswa huko, nayo ina kosa? Wenzangu wanasema haina kwa vile haikumgusa. Ndaga fijo.

Jibu: Marahaba mwanangu. Wenzako wamechemka, kisheria haiangaliwi nani kashika rungu tu, inaangaliwa pia kama ulijua au ulipaswa kujua anakokwenda atafanywa nini, na bado ukamtoa.

Chukua kesi ya Khaled el-Masri, Mjerumani. Siku ya 31 Desemba 2003 alishushwa kwenye basi mpakani Macedonia, wakamfungia hotelini Skopje siku 23, hakuna hati wala hakimu, madirisha yamefungwa na pazia muda wote. Halafu wakampeleka eapoti wakamkabidhi kwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, akapigwa, akavuliwa nguo, akavalishwa nepi, akafungwa macho na kurushwa Afghanistan, na baadaye ikaonekana si mtu waliyekuwa wanamtafuta. Macedonia ikakana kila kitu. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2012 ikasema hata kipigo cha eapoti ni chao, maana kilifanyika kwenye ardhi yao maofisa wao wakiwepo, wakaamriwa kumlipa yuro 60,000. Hela ndogo kwa yale, lakini hukumu ni nzito.

Sasa shida kubwa huwa ni ushahidi, sheria ipo. Mohammed al-Asad, Myemeni aliyekuwa anaishi Dar, alichukuliwa Desemba 2003 hiyohiyo. Baba yake akaenda Mahakama Kuu kudai mwanae yuko wapi, ndo maofisa wa Tanzania wakajibu kwa maandishi kwamba kapelekwa Djibouti. Al-Asad mwenyewe akaja kuishtaki Djibouti kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, 2014 Tume ikasema haijathibitika kwamba alikuwa huko. Ila bila ile kesi ya mzee hata hizo karatasi zisingekuwepo kabisa.

Kwahiyo ndugu akibebwa usikae kusubiri simu, na usikubali kuambiwa "suala la usalama hilo", Katiba ibara ya 13(6)(e) inakataza mtu kuteswa na haijasema isipokuwa gaidi. Andika muda, namba za gari, kituo mlichoulizia na aliyewajibu. Mpeni wakili afungue maombi mtu aletwe mahakamani, na kwa nyie wa Tukuyu Mahakama Kuu ipo hapahapa Mbeya mjini, hamna haja ya kupanda basi la Dar.