Pesa ya giza, starehe ya mbalamwezi

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 31, nakaa Mwanga hapa Kigoma mjini. Nauza dagaa wakavu kwa jumla. Nanunua Kibirizi na Katonga, natuma Dar es Salaam. Sijaolewa, nina mtoto mmoja wa darasa la tatu, anakaa na mama yangu Ujiji.*

*Shangazi, mimi ni mtu wa starehe, sifichi. Ijumaa na Jumamosi usiku hunikuti nyumbani. Napenda muziki, napenda bia yangu ya baridi, napenda kupendeza, na nikipata upenyo nasafiri. Nimeshaenda Mwanza, Zanzibar, na Bujumbura mara tatu. Sichukui mume wa mtu na sijawahi kuokotwa mtaroni. Jumamosi asubuhi napata supu na bia moja ya kuzimua, mchana nipo kazini.*

*Tatizo ni watu. Majirani wameshanipa jina. Kuna kaka mmoja, mtumishi Kasulu, tulifahamiana ukumbini mwaka jana. Anasema ana nia ya kweli, ila niache kwanza mambo ya usiku ndipo alete posa. Na mama ameshikilia jambo moja. Miezi miwili iliyopita nilikwenda Bujumbura kwenye sherehe ya rafiki yangu. Ilikuwa katikati ya giza, zile siku za uvuvi zisizo na mbalamwezi, mfukoni nimepungukiwa kidogo. Mimi ndiye kijumbe, mkusanyaji wa hela, wa mchezo wetu wa kupokezana, tuko 12, kila mtu 25,000 kwa wiki. Nikaishika hela ya wiki ile, nikamwambia mwenye zamu kwamba mtandao unasumbua. Nikarudi, nikauza mzigo, siku ya tisa nikampa 300,000 zake zote, haikupungua hata mia. Hakuna aliyeumia, lakini mama kila siku ni wimbo huohuo.*

*Shangazi, kupenda starehe ni dhambi? Niache maisha yangu kwa ajili ya posa?*

*Binti wa Mwanga*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, maana mtu anayekaa Mwanga na kutembea usiku, majirani hawana hata kazi ya kumtafutia jina. Mara ya pili nikaisoma na kalenda mkononi, na hapo kicheko kikaisha.

Nianze na unaloliuliza, kwa sababu halichukui muda. Habari ya dhambi muulize shehe wako au padri wako, mimi si mizani ya akhera. Ila kama unauliza kupenda muziki, kuvaa na kuona miji ya watu ni ugonjwa, basi nami niliugua. Ujana wangu niliufanyia kazi Tabora, na Jumamosi ya dansi tulikuwa tunabeba viatu mkononi mpaka mlangoni, kwa sababu mchanga wa Tabora haukuhurumii kisigino. Tukifika tunapangusa miguu kwa kanga, tunavaa, tunaingia kama tumeshushwa na gari. Sijutii hata usiku mmoja wa zile. Kwa hiyo hapa hutapata mahubiri ya binti mwema analala saa mbili.

Sasa tuje kwenye kalenda.

Wewe unauza dagaa, sina haja ya kukufundisha kazi yako, lakini vumilia nikukumbushe, maana wasomaji wengine wako Tandahimba hawajui. Dagaa wa Kigoma huvuliwa kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Taa inamvuta dagaa pale ambapo ziwa lina giza. Mwezi ukiwaka angani, taa ya mvuvi haina kazi, dagaa wametawanyika. Ndiyo maana mitumbwi inapandishwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na vijana wa Kibirizi wanaingia mjini na hela za giza lililopita. Kila mwenye baa Mwanga anajua kwamba mauzo yake yanafuata mwezi kuliko yanavyofuata tarehe 25 ya mshahara.

Maana yake mji wako umekupangia starehe tayari. Kuna siku za kuchuma na kuna siku za kutumia. Wewe umeandika kwamba Ijumaa na Jumamosi haukosi, giza iwe mbalamwezi iwe. Halafu umeandika neno dogo sana: "mchana nipo kazini." Mwanangu, mitumbwi inarudi alfajiri. Dagaa wabichi wanagombaniwa pale pale majini, saa 12 asubuhi, na wanawake wenye ndoo na kanga zilizofungwa kiunoni, na mzigo mzuri unaanikwa jua likiwa bado changa. Anayefika mchana ananunua kwa nani? Kwa mwenzie aliyefika alfajiri, kwa bei ya mwenzie, tena kilichobaki. Hesabu uliyonayo kichwani ya bia, kiingilio na bodaboda ni ile ndogo. Kubwa ni Jumamosi za giza unazonunua mkono wa pili, nayo huioni kwa sababu hakuna aliyekuandikia risiti.

Hebu nikuulize: mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, ulikula nini? Ile ilikuwa mbalamwezi ya miezi mitatu. Kama ulikopa, unajua ninachosema. Kama ulikuwa na akiba, basi uliwahi kuwa na akili ambayo sasa umemwazima mtu.

Lakini hata hilo si lililonifanya nitafute kalenda. Lililonifanya ni zile siku tisa.

Umesema ulisafiri katikati ya giza. Umesema ulimpa mwenye zamu hela siku ya tisa. Hesabu kwa vidole, usiniamini mimi. Kutoka katikati ya giza, siku ya tisa mwezi umeshapita nusu unaelekea kujaa, unawaka kuanzia magharibi mpaka usiku mnene. Mitumbwi imeanza kupumzika. Huyo mwenzio, ambaye bila shaka naye ni mtu wa dagaa maana mchezo wenu ni wa wanawake wa kazi moja, alikuwa ameipanga ile 300,000 kwa mzigo wa giza. Alisubiri Jumatatu, mtandao. Alisubiri Jumatano, mtandao. Alipoipata, ziwani hakuna cha kununua, na kilichopo kimepanda bei. Ulimrudishia shilingi zake zote, ni kweli. Ulichomnyima ni giza lote lililobaki la mwezi ule. Halafu unaniandikia kwamba hakuna aliyeumia!

Labda nakosea kuhusu biashara yake. Labda alitaka kulipa ada, au kununua kitanda. Nitakuambia kwa nini kwangu haileti tofauti.

Mwaka fulani, zamu yangu kwenye mchezo ilikuwa ya tano. Nilikuwa naezeka vyumba viwili. Nikamwambia fundi aje Jumamosi. Fundi akaja, na ngazi begani, na kijana wake, na misumari ya bati kwenye kopo la maziwa. Kijumbe wetu, simtaji, akaniambia benki ilifunga mapema. Fundi akakaa kwenye kivuli mpaka saa saba, akanywa chai yangu, akaondoka na ngazi yake. Mvua ya kwanza ikanyesha Jumanne. Nilisimama katikati ya chumba changu naangalia mawingu moja kwa moja kwa macho yangu, na godoro nimeliegemeza ukutani. Baadaye ndipo nikasikia kwamba yule dada alikuwa Mwanza, kwenye harusi, alipendeza kuliko bibi harusi. Mpaka leo simlaumu kwa kwenda harusini. Ningeweza hata kumwazima viatu. Kilichoniuma ni kwamba alinitazama usoni akaitaja benki. Tangu siku ile kila akisema jambo, hata la kweli, mimi nasikia benki.

Mama yako hana shida na Bujumbura. Anakaa Ujiji, mji wa wasafiri tangu enzi za misafara; Stanley alimkuta Livingstone palepale mwaka 1871, watu wa Ujiji wameshaona wageni na safari za kila namna. Anachokiimba kila siku ni neno "mtandao". Ukilitoa hilo katikati yenu, nadhani utashangaa jinsi habari ya bia itakavyopungua makali.

Kwa hiyo, ukijumbe uache. Si kwa sababu wewe ni mwizi, hukuwa mwizi, lakini umeshajua njia ya kufika pale, na mtu akishajua njia hata gizani anapita. Waambie wenzio washike kwa zamu, au hela ya wiki iende moja kwa moja kwa mwenye zamu siku hiyohiyo, kila mmoja amtumie mwenyewe, ninyi wote mkiona. Hela ya mchezo hailali kwa mtu. Kama kuna mwenye kupinga, mwambie awatazame wenzenu wa vikoba: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Hawakufanya vile kwa kupenda vyuma.

Safari zako ziwekee kibubu, tena ukiweke kwa mama, sio kwako. Kila ukiuza mzigo, kitu kidogo kinaingia mle. Kikijaa, nenda, wakati wa mbalamwezi, mitumbwi imelala na wewe hukosi kitu. Mpaka wa Manyovu hauhami, na Bujumbura itakusubiri. Kibubu kikiwa hakijajaa na rafiki ana sherehe, mtumie salamu na kitenge kizuri. Rafiki wa kweli atakivaa.

Kuhusu ile "moja ya kuzimua" nitasema kwa ufupi kisha ninyamaze. Supu nzuri, ya samaki wetu migebuka nzuri zaidi, lakini supu haiondoi kileo mwilini, wala kahawa, wala kuoga maji ya baridi. Ini lina mwendo wake. Bia moja ya mililita 500 inalichukua saa mbili hadi tatu, na mwili wa mwanamke kwa kawaida unachukua muda zaidi. Chukua mfano wa bia tano ulizoanza saa tatu usiku: saa tatu, saa nne asubuhi ndiyo kwanza zinaisha. Ukiweka ya kuzimua juu yake, hujazimua chochote, umechochea. Na Konyagi usiihesabu kwa glasi kama bia. Mililita 200 zake zina kileo cha bia karibu tatu. Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara, nami nimelisema, litarudiwa na wengine wenye mamlaka kuliko Shangazi. Ninachotaka ufanye ni jaribio dogo: Jumamosi nne mfululizo, supu bila ya kuzimua. Ukiweza bila taabu, vizuri. Mikono ikitetemeka, au ukajikuta unatafuta sababu kuanzia Alhamisi, nenda hospitali ya Maweni ukamweleze daktari bila kuona haya. Hilo si jambo la kuandikia gazetini.

Na huyu kaka wa Kasulu. Alikuona wapi? Ukumbini, glasi mkononi, unacheza. Alikupenda hapohapo. Sasa anataka akuoe kwa sharti kwamba usiwe yule aliyempenda. Muulize swali moja tu: na yeye anaacha lini? Akicheka, umepata jibu. Akikaa akafikiri, basi mna cha kuzungumza, na mkizungumza mwambie habari ya mchezo kabla hajaisikia kwa shemeji.

Mtoto hujamtaja zaidi ya mstari mmoja. Ijumaa na Jumamosi upo ukumbini, siku za wiki upo mwaloni, pale dagaa wanaposhushwa. Sikulaumu, nauliza tu Jumapili yako ni ya nani.

Kuhusu yule mwenzio wa zamu, usimtumie ujumbe. Usimpigie. Nenda kwake jioni, akiwa ameshaanua dagaa zake, ukae kwenye kigoda, umwambie hela ilikuwa wapi siku zile tisa. Kisha umuulize alikosa mzigo wa shilingi ngapi. Atasema "ah, yamepita", wanawake wa Kigoma ndivyo tulivyo. Usiondoke. Muulize tena, mpaka akutajie. Na ukishatajiwa, umpelekee hela hizo kabla giza lijalo halijaanza, ili safari hii ziwe mkononi mwake mitumbwi ikitoka.