Kabla ya Tiketi ya Skii, Ajue Kuogelea

Mjomba, shangazi na nyote mlioko Kondele, Kisumu, mmeuliza kama yule kijana wa sarakasi, mwenye miaka 15, anaweza kuja huku Marekani kucheza skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kwa kuruka na kujipindua hewani, na kama muitishe harambee ya tiketi. Harambee ngojeni kwanza.

Mchezo huu una matawi mengi. Hafupaipu, yaani mtaro mkubwa wenye kuta za theluji za karibu mita 6.7, hutawaliwa na waliozoea skii tangu utotoni. Huko amechelewa. Tawi linalomfaa ni eriali: unashuka kwa kasi, unapanda mwinuko wa theluji uliochongwa, unakurusha juu, unapinduka mara mbili au tatu huku ukijizungusha, kisha unatua kwenye mteremko mkali. Lydia Lassila wa Australia alitoka kwenye jimnastiki, akapata dhahabu ya Olimpiki Vancouver mwaka 2010.

Kupinduka anajua tayari. Kitakachomtesa ni kasi. Akija polepole anaangukia bapa la juu kabla ya mteremko. Akizidisha anaupita na kutua palipolala, na hapo ndipo magoti huisha. Upepo wa mbele ukibadilika, au nta inayopakwa chini ya skii isipolingana na baridi ya siku hiyo, hesabu yote inaharibika. Ndiyo maana wachezaji hujaribu kasi bila kuruka kabla ya mruko wenyewe. Vifungio vinavyoshika buti kwenye skii navyo hukazwa kwa kuangalia uzito, urefu, ukubwa wa soli na ustadi wa mchezaji: vikilegea skii inachomoka mapema, vikikazwa mno haichomoki anapoanguka na mguu unapindwa. Asimwachie rafiki kazi hiyo, wapo mafundi.

Majaji hugawa alama hivi: kuruka 20, umbo hewani 50, kutua 30 katika kila mia, halafu jumla huzidishwa kwa ugumu wa mruko. Kijana mwenye miguu iliyonyooka hewani anaweza kumshinda jasiri anayeanguka.

Mruko mpya haujaribiwi kwenye theluji moja kwa moja. Huanzia kwenye trampolini, kisha kiangazi kwenye mwinuko wa kurukia majini, kama ule wa Park City, Utah. Mtu anaruka na buti, skii na helmeti, na hewa hupulizwa kutoka chini ya bwawa ili maji yasimpige kama saruji. Huko anarudia hadi kocha aridhike.

Sasa pesa, maana ndizo mnazotaka kusikia. Zawadi za mashindano hufika kwa wachache wa juu. Wengine hujilipia kocha, malazi, safari na bima, na kano ya goti ikikatika ni miezi tisa au zaidi bila kuruka. Philip Boit wa Eldoret alifika Olimpiki ya Nagano 1998 akifadhiliwa na Nike, tena kwa skii za masafa marefu. Asiye na mfadhili huombaomba, hata mzungu. Kwa hiyo msiuze shamba la Ahero.

Kwa sasa aendelee na sarakasi, apate pasipoti, atume video zake kwa makocha wa eriali, na ajifunze kuogelea vizuri, maana kuwa karibu na ziwa hakumfanyi mtu muogeleaji, na asiyejua kuogelea hatapandishwa mwinuko wa majini hata siku moja.