Muulize Fundi: Hz 165 au 240?

Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Malimbe. Kompyuta yangu ya mezani ina prosesa ya Ryzen 5 5600 na kadi ya picha ya GTX 1660 Super, ila kioo ni mtumba wa ofisini, inchi 22, Hz 60, kinapata picha kwa waya wa VGA kupitia adapta. Nacheza Valorant na Counter-Strike 2. Nimedunduliza laki sita. Kuna duka mjini lina monita mbili ninazozimudu: moja inchi 24, kioo aina ya IPS, Hz 165, nyingine inchi 27, kioo aina ya VA, ya kujikunja, Hz 240. Zote ni 1080p (pikseli 1920 kwa 1080). Muuzaji anasema 240, washikaji wa hosteli nao wanasema 240. Nichukue ipi?
Mwanafunzi, Malimbe

Marahaba mdogo wangu. Chukua ya 165.

Washikaji wako wanasoma namba ya kwenye boksi. Wewe piga hesabu ya muda. Kioo cha Hz 60 hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani kila picha inakaa milisekunde 16.7. Cha Hz 165, picha inakaa milisekunde 6.1. Hapo umeokoa zaidi ya milisekunde 10 na utaziona siku hiyo hiyo: ukigeuka ghafla, adui aliyekuwa anapita kama ukungu utamwona ana kichwa na mabega. Kutoka 165 kwenda 240, picha inashuka hadi milisekunde 4.2. Umeokoa chini ya mbili. Wapo wanaozihisi hizo mbili, na wengi wao wanalipwa kwa kucheza.

Halafu kuna kadi yako. Kioo hakitengenezi picha, kinaonyesha inayoletewa. Valorant ni gemu nyepesi, GTX 1660 Super itaimudu vizuri. Counter-Strike 2 ni nzito zaidi: ukitupwa moshi na watu wakaanza kufyatuliana, picha kwa sekunde zinaporomoka, na zile 240 ulizozilipia hutaziona. Usiniamini mimi, jipime mwenyewe kabla hujatoa hela. Zima V-Sync, mpangilio unaoifunga gemu kwenye mwendo wa kioo, isije ikakufungia kwenye 60, washa kaunta ya picha kwa sekunde ndani ya gemu, cheza mechi nzima kwenye hicho hicho kioo cha zamani. Namba ya kuangalia ni ile ya vita inapokolea. Ya ukiwa umesimama unasubiri raundi ianze haina maana, hapo kila kompyuta ni shujaa.

Tofauti nyingine ni aina ya kioo. VA ina weusi mzuri kweli kuliko IPS, filamu ya usiku inapendeza. Lakini kwenye VA za bei ya chini, rangi nyeusi inachelewa kugeuka kuwa kijivu, hivyo mtu akipita kwenye kivuli anaacha mkia nyuma yake. Na 1080p ikitandazwa kwenye inchi 27 inabaki na pikseli kama 82 kwa inchi, wakati ya inchi 24 inakaribia 92. Kwa meza ya hosteli, ambako pua yako iko karibu na kioo, utaona punje.

Boksi pia litakuwa limeandikwa "1 ms", yaani pikseli hubadilika rangi kwa milisekunde moja. Usilipe hata mia kwa ajili ya hayo maandishi. Mara nyingi hupimwa kioo kikiwa kwenye mpangilio mkali kuliko wote, ambao ukiuwasha kweli kila kitu kinachotembea kinaota kivuli cheupe. Badala yake, mwombe muuzaji aunganishe monita na kompyuta, fungua TestUFO, ukurasa wa mtandaoni wa kupima mwendo wa picha, kwa bando lako, uangalie kile chombo kinachokimbia kwa macho yako. Ukimaliza, jaza kioo kizima rangi nyeusi, kisha nyeupe, kisha nyekundu, ukitafuta pikseli zilizokufa. Muuzaji atakuna kichwa. Mwache akune.

Ukifika nyumbani, ile adapta ya VGA mpe mtu mwingine. Tumia waya wa DisplayPort, kadi yako inayo tundu lake. Kisha ingia Settings, System, Display, Advanced display, uchague 165 kwa mkono wako. Monita nyingi ninazoletewa hapa mezani kwangu Makoroboi kwamba "hazina tofauti na ya zamani" hazina ubovu wowote, Windows imeziacha kwenye 60 tangu zilipotoka kwenye boksi. Kazi hiyo siitozi hela, ila nacheka kidogo.

Ukiona imeandikwa FreeSync, ni nyongeza nzuri: kioo kinausubiri mwendo wa kadi badala ya kukata picha katikati. Ni ya kampuni ya AMD, lakini tangu Januari 2019 kadi za Nvidia kuanzia GTX 10 nazo zinaweza kuitumia kupitia DisplayPort, na yako imo. Hakuna haja ya kuongeza hela kutafuta yenye nembo ya G-SYNC, ile ya Nvidia wenyewe.

Kuhusu pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, hukuuliza, lakini najua utauliza. Kioo hakiigusi. Ukicheza Counter-Strike kwenye seva ya Johannesburg, safari kutoka Mwanza ni ile ile uwe na Hz 60 au 500. Chenji ikibaki, nunua waya mrefu wa mtandao uachane na Wi-Fi ya kugombania na korido nzima.

Kaka fundi, nina chumba cha gemu Igoma, PS4 tatu na TV za inchi 32. Jirani kafungua chake, kabandika tangazo "165 Hz", vijana wanahamia kwake. Nibadilishe TV zote?
Mwenye chumba, Igoma

Kaka, usibadilishe hata moja. PS4 mwisho wake ni Hz 60. Uifunge kwenye kioo cha 165 au cha 500, itatoa 60. Kama jirani ana PS4, ameuza tangazo tu.

Nenda kwenye mipangilio ya TV zako utafute hali ya gemu, uiwashe kwenye tundu la HDMI lililochomekwa PS4. TV nyingi zinaipamba picha kwanza kabla ya kuionyesha, na mapambo hayo ndiyo yanayomfanya kijana abonyeze pasi halafu mchezaji afikirie kwanza. Wateja wako watadhani umenunua TV mpya.

Ukija kupanda PS5, hiyo inafika Hz 120, na tangu Septemba 2022 inakubali pia monita za 1440p. Lakini ni kwa gemu zilizotengenezewa hivyo. Mpira, ambao nadhani ndio unaokulipia pango, unachezwa kwa 60 hata huko. Hela ya TV nunua padi mpya, maana kijana akikuta analogi (kile kijiti cha padi) inavuta kushoto yenyewe, ndipo anapohama. Na ukinunua TV siku nyingine, zile namba za "motion" kwenye boksi si Hz za kioo. Uliza Hz za paneli yenyewe.

Wale wadudu wa ziwani wakivamia jioni wakafuata mwanga wa TV, usiwaponde kwa kitambaa. Zima kioo, washa taa ya nje, watahama wenyewe. Nimeshaona vioo vingi vilivyokufa kwa kidole chenye hasira.

Habari za kazi fundi. Mwanangu anataka monita ya Hz 144. Nyuma ya pasi yangu wameandika umeme ni 50 Hz. Hiyo ya 144 haitaungua? Na haitanimalizia LUKU?
Mama, Ilemela

Nzuri mama, na umeuliza la maana, maana watu wazima na akili zao huliogopa hilo kimyakimya. Haitaungua. Ile 50 ya kwenye pasi ni mwendo wa umeme wa ukutani. Ile 144 ni kasi ya kioo kubadilisha picha. Haya mawili hayakutani. Angalia tu kibandiko cha adapta ya monita: kikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, chomeka.

LUKU usihofu. Monita ya inchi 24 kwa kawaida hula wati 20 hadi 30 hivi, kama balbu chache za LED. Anayekula ni ile kompyuta yake, hasa kadi ya gemu ikikolea. Umeme ukikatika mwambie achomoe vyote ukutani, avirudishe ukishatulia. Na risiti iandikwe jina kamili la modeli, siyo "monita nyeusi".