Ukungu ndani ya fanesi, na maganda ya kamba yanayosingiziwa

Mkuu, pole sana wewe na shemeji. Umeandika kwamba nyumba inanuka uvundo kila fanesi, ule mtambo wa kupasha nyumba joto, ikiwaka, shemeji anashuku maganda ya kamba wa baharini yaliyolala kwenye pipa la taka, nawe ukafungua mlango wa fanesi ukakuta pamba ya kioo, ile ya kuzuia joto lisipotee, iliyobandikwa kwa ndani imeota ukungu mweusi. Nakaa Columbus, Ohio, na hilo limeshanipata. Maganda yanasingiziwa tu, nitayarudia.

Kabla hujanunua chochote, tafuta maji yanatoka wapi. Nyumba nyingi za huku zina kiyoyozi kilichounganishwa na fanesi. Koili yake ya baridi, yaani vibomba vinavyopoza hewa, hukaa juu ya fanesi, na majira ya joto inatoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Jasho linadondokea kwenye sinia, kisha linatoka nje kwa kibomba cha plastiki. Kibomba kikizibwa na ute na vumbi, maji yanafurika na kuilowesha pamba. Mara ya kwanza nilibadilisha pamba peke yake, na majira ya joto yaliyofuata ukungu ukarudi palepale. Niliumia, maana mwanangu ana pumu na alikohoa miezi yote hiyo. Sasa kiyoyozi kikiwa kwenye kazi, kila mwezi namimina kikombe cha siki nyeupe kwenye kile kibomba.

Pamba yenyewe usijaribu kuiosha. Fundi mmoja alitaka kuipulizia dawa tu, nikakataa. Pamba iliyoota ukungu haisafishiki. EPA, shirika la mazingira la Marekani, linashauri itolewe, iwekwe mpya. Eneo lisilozidi futi za mraba 10, kama futi 3 kwa 3 hivi, wanasema kwa kawaida mwenye nyumba analiweza. Likizidi hapo, au ukungu ukiwa umeingia kwenye njia za hewa, waite wenye kazi yao.

Zima umeme wa fanesi, funga gesi. Vaa barakoa ya N95, glovu, na miwani isiyo na matundu. Nyunyizia pamba maji kidogo vumbi lisiruke, itie kwenye mfuko wa plastiki hapo hapo na uufunge. Bati lifute kwa maji na sabuni, liache likauke kabisa. Jiki si lazima, na usiichanganye kamwe na kitu chenye amonia, hewa yake ni sumu. Pamba mpya iwe ile yenye uso wa foili, iliyoandikwa kuwa ni ya fanesi au njia za hewa, unene uleule wa zamani. Maungio yazibe kwa utepe wa foili; ule wa kitambaa hubanduka kwa joto. Upande wa vichomeo na bomba la moshi usiuguse, huko ni kwa fundi mwenye leseni. Na king'ora cha kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kiwe kinafanya kazi, tafadhali sana.

Sasa maganda. Mwambie shemeji asiyatupe, ladha yote ya kamba iko huko. Kwetu Tanga mama alikuwa anatwanga vichwa kwenye kinu, anavikamua, maji yake yanaingia kwenye mchuzi wa nazi. Huku kamba wengi wa friza hawana vichwa. Wenye vichwa nawapata maduka ya Waasia. Yaoshe, yatie kwenye mfuko, yagandishe mpaka yawe mengi. Siku ya kupika yakaange kwenye mafuta mpaka yawe mekundu na jiko linukie, maana rangi yake huyeyukia kwenye mafuta. Tia kitunguu, tangawizi na kitunguu saumu, kisha maji ya kuyafunika. Yachemke taratibu dakika 20 hadi 30, yakizidi sana supu huwa chungu. Chuja kwa chujio la nazi. Mimi napikia wali kwa supu hiyo badala ya maji, au naitia tui zito na pilipili mbuzi. Mgeni mwenye mzio wa kamba usimpe, hata kama haoni nyama ndani.

Wakati yanachemka washa feni ya jikoni itoe mvuke nje. Unyevu wa nyumba ukae kati ya asilimia 30 na 50. Ukivuka 60 ukungu unashangilia. Ukishakizibua kile kibomba, niandikie hapa kama maji yanapita.