Kisu kipya cha kukunja, kigumu kufungua kwa mkono mmoja

Ndugu yangu wa Lamu, kama mkono mmoja umeshika kamba ya tanga na kisu chako kipya kinagoma kufunguka, usikimbilie kulegeza skrubu ya pale bapa linapozungukia. Kwanza tazama vidole vyako. Mara nyingi vidole vinne huwa vinakandamiza ule ulimi wa chuma wa loki (unaozuia bapa lisijifunge) ubavuni mwa mpini, na hapo hata kisu laini hukwama. Vihamishie mgongoni mwa mpini, kisha kidole gumba kisukume kile kitufe kilichoko kwenye bapa kwa nje, kama kinachora nusu duara, si kuelekea ncha.

Bado kigumu? Kioshe kwa maji baridi na sabuni, kikauke kabisa, tia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa egemeo, yaani pale bapa linapozungukia. Fungua na kufunga mara mia kwa mikono miwili, ukipangusa uchafu mweusi. Mafuta ya nazi hapana, hunasa mchanga. Skrubu iwe mwisho: legeza kidogo mno, bapa likicheza kaza tena.

Usikifungue kwa kukitikisa kwa kifundo cha mkono, chomboni kitakuponyoka. Kama hakina kitufe wala tundu la gumba, hakikuundwa kwa mkono mmoja. Chukua kisu kisichokunjwa, chenye ala. Ukijikata na kidole kisikunjike, nenda hospitali.