Maswali ya Wasomaji: Safina, Sanduku la Agano na Vipimo vya Mwili

SWALI: Mhariri, nimemsikia mhubiri akifundisha kwamba safina ya Nuhu na Sanduku la Agano vilijengwa kwa kufuata uwiano wa mwili wa binadamu, na kwamba ndani ya vipimo vyake umefichwa uwiano wa dhahabu, yaani urefu ulio takriban mara 1.618 ya upana. Je, Maandiko ya Kiebrania yanasema hivyo?

JIBU: Ndugu msomaji, mafundisho hayo yameunganisha mambo mawili yanayostahili kutenganishwa, kwa kuwa moja lina historia ndefu na la pili halina msingi katika maandishi.

Tuanze na mwili. Mwanzo 6:15 inataja urefu wa safina kuwa dhiraa 300, upana 50 na kimo 30, kwa hiyo urefu ni mara 6 ya upana na mara 10 ya kimo. Augustino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, aliandika katika kitabu cha 15 cha Mji wa Mungu kwamba mwili wa mtu una uwiano huohuo: kutoka utosini hadi nyayoni ni mara sita ya upana wake wa ubavu kwa ubavu, na mara kumi ya unene wake wa mgongo hadi tumbo. Kwake yeye safina iliashiria mwili wa Kristo, na mlango wa ubavuni uliashiria jeraha la mkuki. Nauheshimu sana usomaji huo, ila ni wa Mkristo aliyeishi karne nyingi baadaye; masimulizi ya safina yenyewe hayailinganishi na mwili wa mtu.

Uwiano wa dhahabu ni dai dhaifu zaidi. Kutoka 25:10 inaagiza Sanduku liwe na urefu wa dhiraa 2.5, upana 1.5 na kimo 1.5. Ukigawanya 2.5 kwa 1.5 unapata 1.667, hesabu iliyo karibu na 1.618 lakini si yenyewe. Kama fundi angeulenga uwiano huo, dhiraa 4 kwa 2.5 zingempa 1.6, karibu zaidi, bila kuhitaji kipimo kidogo kuliko nusu dhiraa. Tena vyombo vingine haviufuati: meza ya mikate ilikuwa na urefu wa dhiraa 2 na upana wa dhiraa 1, na hekalu la Sulemani lilikuwa na urefu wa dhiraa 60, upana 20 na kimo 30. Ninachokiona hapo ni mapenzi ya namba nzima na nusu zake, zinazopimika kwa urahisi na kukumbukwa kwa urahisi.

Hata hivyo mwili umo, nao umo katika kipimo chenyewe. Dhiraa ni umbali wa kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, na Kumbukumbu la Torati 3:11, inapotaja kitanda cha mfalme Ogu, inaeleza wazi kwamba kilipimwa kwa mkono wa mtu. Ezekieli 40:5 inatumia dhiraa ndefu, iliyoongezewa upana wa kiganja. Washairi walivichukua vipimo hivyo vya mkono mbali zaidi: katika Zaburi 39 siku za mwanadamu ni upana wa viganja tu, ilhali Isaya 40:12 inauliza ni nani aliyezipima mbingu kwa shibiri. Kwangu mimi, ishara ya mwili iliyo wazi hivyo ina uzito zaidi kuliko namba yoyote inayodaiwa kufichwa.

SWALI: Je, viungo 248 vya mwili vimetajwa wapi katika Torati?

JIBU: Havikutajwa humo. Orodha yake imo katika Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi zilizopokewa kwa mdomo, sehemu ya Oholoti. Talmudi ya Babeli, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, katika sehemu ya Makoti, ukurasa wa 23b, inamnukuu Rabi Simlai akigawa amri 613 za Torati katika makatazo 365, sawa na siku za mwaka wa jua, na maagizo 248, sawa na viungo vya mtu.